Ulevi wa Kuazima

Sura ya Sita

Jalada la Mughwai lilirudi kutoka Dodoma likiwa limechakaa kuliko lilivyokwenda. Juu yake wakili wa serikali alikuwa ameandika swali moja kwa kalamu nyekundu: "Alilewa kiasi gani, na nani anathibitisha?"

Sajenti Anselm alilisoma akiwa amesimama. Kiti cha ofisi ya upelelezi kilikuwa kimevunjika mguu tangu masika na hakuna aliyekishughulikia. Miaka aliyokaa Singida ilikuwa imemfundisha jambo moja: kwa maelezo ya mahabusu wa huku, hakuna mtu aliyewahi kumuua mwenzake. Pombe ndiyo huua. Watu kazi yao ni kushika rungu tu.

"Hili si tulishalimaliza?" aliuliza Inspekta Melkizedeki, mkuu wake, bila kuinua macho kwenye gazeti. "Kijiji kizima kimesema Mughwai alikuwa hajitambui. Atakiri kuua bila kukusudia, atafungwa miaka yake, atarudi kulima alizeti. Familia zimeshapatana, ng'ombe wameshatolewa. Unataka nini tena?"

"Mimi sitaki kitu, afande. Anayetaka ni wakili."

"Basi nenda Issuna ukamtafutie. Ila gari halina mafuta."

"Najua."

Sheria yenyewe haimpendi mlevi, na Anselm alikuwa ameshawaeleza hivyo watu wengi wasiomsikiliza. Kulewa peke yake hakumwokoi mtu. Lakini ikionekana pombe ilimvuruga akili hata asiweze kuwa na nia ya kuua, kosa linashuka: badala ya kamba, kifungo. Vijiji vilikuwa vimeijua njia hiyo siku nyingi, na vikaifanya barabara kuu. Anselm alikuwa amechoka kuisafiri.

Alilifungua jalada tena, ukurasa kwa ukurasa. Mughwai na Simeoni, majirani, walikunywa mtukuru, pombe ya mtama, kwa mama mmoja aitwaye Yustina tangu mchana. Jioni wakaondoka. Njiani wakapigana. Simeoni akafa. Mashahidi wote walisema hivyo, na wote kwa sentensi ileile: "Walikuwa wamelewa, wakapigana." Ugomvi wao ulijulikana. Simeoni alikuwa amelima alizeti mpaka kwenye njia ya ng'ombe wa Mughwai, kwa kuwa siku hizi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, wanunuzi walikuwa wanakuja na malori yao hadi shambani, na kila kipande cha ardhi kilichokuwa hakina kazi kilikuwa kimepata kazi.

Daktari aliandika: pigo moja, kisogoni. Kielelezo: rungu moja, la Mughwai.

Anselm alirudia mstari huo. Rungu moja.

Akashuka mahabusu. Kwenye kaunta alimkuta Konstebo Hosea ameshika kibuyu kilicholetwa na lori la asubuhi. Kanuni ilitaka askari aonje chochote kinachopelekwa kwa mahabusu, na katika kanuni zote za jeshi hiyo ndiyo Hosea aliyokuwa akiitii kwa moyo.

"Togwa tupu," alilalamika, akijifuta midomo. "Kila wiki togwa. Mlevi mzima, shangazi yake anamletea uji."

"Ulitaka pombe iingie mahabusu?"

"Sijasema hivyo, afande."

"Ni mama yake mdogo, si shangazi. Mfungulie."

Mughwai alitoka akiwa ameinama, maana mlango ulikuwa mfupi kwake. Alikuwa mtu wa sauti ya chini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Mughwai, siku ile ulikunywa nini?"

"Mtukuru."

"Vibuyu vingapi?"

"Sikumbuki. Nilikuwa nimelewa."

"Mlipopigana, Simeoni alikupiga wapi?"

Hosea aliacha kupangusa kaunta.

"Sikumbuki," alisema Mughwai.

"Siku uliyokamatwa ulivuliwa shati. Hukuwa hata na mkwaruzo. Alikupiga na nini?"

"Nimesema sikumbuki, afande. Pombe."

"Haya. Rudi ndani."

Lori la wanunuzi wa alizeti lilimchukua Anselm akiwa juu ya magunia matupu, kichwa kimefungwa leso kwa sababu ya vumbi. Alikuwa na umri wa kukaa mbele na dereva, lakini mbele alikaa mwenye lori, na siku hizo mwenye lori alikuwa mkubwa kuliko serikali.

Nyumba ya Yustina ilikuwa nyuma ya soko la Issuna, tembe ndefu yenye paa la udongo na ua mbele. Uani wanaume walikaa kwenye magogo, wakinywa. Anselm alisimama kidogo kabla ya kuwasalimu. Kuna kitu hakikuwa sawa, na ilimchukua muda kukijua, kwa sababu mahali pengine popote kingekuwa cha kawaida. Kila mwanaume alikuwa ameweka rungu au fimbo yake katikati ya magoti.

Hapa kwa Yustina zamani haikuwa hivyo. Anselm alikuwa amepita mwaka uliotangulia kufuatilia wizi wa ng'ombe, na yeye mwenyewe alinyang'anywa kirungu chake mlangoni. Ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba, tangu enzi za mama mkwe wake Yustina: anayekuja kunywa anaacha silaha kwa mwenye pombe, inatundikwa ndani, na anarudishiwa akitoka, ikiwa mama ameridhika kwamba ana akili zake. Asiporidhika, fimbo inalala. Mwenyewe ataifuata asubuhi, na wenzake watamcheka hadi mavuno. Watu walitoka mbali kuja kunywa pale kwa sababu ya ukuta ule, maana walijua watarudi kwao wazima.

"Siku hizi hamtundiki?" aliuliza.

Mwanaume aliyekuwa karibu alitema mate pembeni. "Tumtundikie nani, afande? Aliyempa mlevi rungu akaue?"

Wengine walitazama vibuyu vyao. Mbali kidogo, kwenye gogo la peke yake, alikaa mzee aliyevaa koti la mtumba lenye mikono mirefu mno. Hakuwa na kibuyu. Alikuwa Mzee Antipasi, baba wa marehemu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Umekuja kuniletea fimbo?"

"Fimbo ipi?"

"Ya mwanangu. Nyeusi, ina waya wa shaba shingoni. Nilimchongea mwenyewe alipooa. Tunamaliza matanga, na mwanawe lazima akabidhiwe fimbo ya baba yake. Nimetafuta njia nzima, vichakani, kwenye alizeti. Wameniambia mliichukua ninyi polisi."

"Sisi tulichukua rungu la Mughwai tu."

"Basi iko wapi?" Mzee alimtazama kwa macho mekundu. "Walipigana. Alipigana na nini?"

Lilikuwa swali la Anselm mwenyewe, na lilimuuma kulisikia kutoka kwa mtu ambaye halikupaswa kumtoka. Alisema atalitafutia jibu. Kisha akabisha hodi.

"Karibu," sauti ilijibu kutoka gizani. "Jihadhari na kichwa."

Yustina alikuwa ameketi kigodani mbele ya mtungi, akikamua machicha ya mtama kwenye chujio la ukindu. Alikuwa mjane wa makamo yaliyokwisha, mikono imara, uso umekonda tangu walipoonana mara ya mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda, afande."

"Na wewe pia."

"Mimi nina sababu." Akaendelea kukamua. "Maelezo yangu nilishatoa."

"Yako hapa. Umesema Mughwai alichukua rungu mwenyewe, kwa nguvu, akiwa amelewa."

"Ndivyo."

"Huku nje wanasema ulimpa."

"Watu wana midomo."

Anselm alitazama ukuta nyuma yake. Misumari ya miti ilikuwa imepangwa kutoka pembe hadi pembe, yote mitupu. Chini yake kulikuwa na mafiga matatu, na moshi wa miaka ulikuwa umeupaka ukuta weusi unaong'aa. Zile fimbo zilizotundikwa pale kila siku zilikuwa zimeacha alama zao, mistari iliyofifia, na mistari hiyo nayo ilikuwa imeanza kulambwa na masizi, kwa kuwa haikuwa imefunikwa na kitu tangu msiba.

Isipokuwa mmoja. Karibu na pembe palikuwa na mstari mwembamba, mrefu, mweupe wa udongo. Anselm alisogea akaupitisha kidole. Kidole kilirudi safi. Akagusa mstari wa jirani, kikarudi cheusi.

"Mama," alisema, "hapa pamekuwa na fimbo hadi leo. Lori lililonileta limepiga honi sokoni, ndipo ikaondolewa."

Yustina aliacha kukamua.

"Wanaume wote walikuja kuchukua zao. Ni ya nani ambayo mwenyewe hakuja kuichukua?"

Yustina aliinuka, akaenda kwenye kilindo, lile pipa kubwa la gome la mti la kuwekea mtama, akazamisha mkono hadi begani. Alitoa fimbo nyeusi yenye waya wa shaba shingoni. Aliipangusa punje kwa kanga yake.

"Mzee anaiulizia kila siku," alisema. "Kila siku anakaa pale, hanywi, anaulizia. Ningeivunja nikaitia motoni, yangekwisha. Nimeshindwa. Fimbo ya mtu niliyopewa niitunze."

"Kwa nini ilibaki?"

"Kwa sababu Simeoni alikuwa amelewa. Huwa nawauliza: nikikupa, unapita njia gani? Yeye alinitajia njia ya kwenda Puma, na kwake ni huku chini. Nikamwambia leo inalala. Alicheka tu, hakuwa mtu wa kelele akilewa. Akaondoka mikono mitupu."

"Na Mughwai?"

Yustina aliketi. Alianza kulia bila sauti, machozi yakishuka huku anaongea kama kawaida, na Anselm, ambaye alikuwa amezoea vilio vya kuigiza hadi akavichoka, alimwonea huruma.

"Aliinuka nyuma yake. Akaja hapo ulipo. Akasema, 'Mama mdogo, nipe rungu, nimsindikize Simeoni, asiliwe na fisi.' Nikamuuliza unapita njia gani. Akanitajia: kisimani, kwenye minyaa, hadi mlangoni kwa Simeoni. Hakukosea hata jiwe. Nilifurahi, afande. Nilisema moyoni, ugomvi wa njia ya ng'ombe umekwisha. Nikampa kwa mikono yangu miwili."

"Kwa nini hukusema?"

"Yule ni mtoto wa marehemu dada yangu Klara. Ameninyonya mimi. Walipokuja kusema walipigana, wamelewa wote, nikaona kumbe kuna mlango. Nikasema na waamini hivyo. Waseme Yustina alimpa mlevi rungu, waondoe fimbo zao, nyumba ife. Nitabeba mimi. Jina langu ni nini mbele ya shingo ya mtoto?"

Anselm aliketi, akatoa karatasi akaiweka juu ya jalada, jalada akaliweka gotini. Aliandika polepole, kwa kuwa kalamu ilikuwa mbovu na kwa kuwa hakuwa na haraka. Walevi walikuwa wawili katika jalada lile. Kumbe mlevi wa kweli alikuwa mmoja, aliyekufa, na mwingine alikuwa ameuazima ulevi wa mfu, akajifunika nao.

Alipomaliza alimsomea. Yustina alitia dole gumba.

"Watamnyonga?"

"Sijui, mama. Hilo ni la jaji." Akasita. Angeweza kunyamaza, lakini mama wa watu alistahili kuambiwa. "Haya uliyosema hayajamfunga moja kwa moja. Wakili wake atasema mlevi anaweza kutaja njia aliyoizoea tangu utoto. Atasema wewe si daktari. Atawaleta wale wa nje, na kila mmoja ataapa alimwona Mughwai na kibuyu mkononi tangu mchana hadi jioni. Jaji anaweza kuwaamini. Bado pombe inaweza kumwokoa."

"Wale wa nje wataapa?"

"Nadhani. Na hawatakuwa wanasema uongo. Si walimwona?"

"Walimwona," alisema Yustina.

Alichukua fimbo, akatoka. Anselm alimfuata hadi mlangoni. Mama yule alipita katikati ya wanaume na marungu yao, akapiga magoti mbele ya Mzee Antipasi, akamnyooshea fimbo kwa mikono miwili kama alivyokuwa akiwanyooshea wote.

"Ilikuwa ndani," alisema. "Ililala. Nilimnyima."

Mzee aliipokea. Alivuta kidole kwenye waya wa shaba. Haikuhitaji maelezo, kila mtu pale alijua maana ya fimbo kulala. Mwanaume aliyetema mate alishusha kibuyu chini.

"Kwa hiyo hakuwa na kitu," alisema mzee.

"Hakuwa na kitu, baba."

"Nimepokea ng'ombe." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisemea. "Waliniambia vijana wamelewa, wamegombana, ni pombe. Nikasema haya, pombe ni pombe, nani hajawahi kulewa. Nilisamehe pombe, Yustina. Sikusamehe mtu."

Mzee aliinuka akiiegemea fimbo ya mwanawe, ambayo ilikuwa ndefu kwake, akaondoka bila kuaga. Wanaume walipishana macho, kisha nao wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Lori lilipiga honi sokoni. Magunia yalikuwa yamejaa. Anselm alifunga jalada kwa kamba yake, akasema kwaheri, akaanza kutembea. Alikuwa amefika kwenye uzio aliposikia akiitwa.

Yustina alikuwa mlangoni na kibuyu kilichozibwa kwa gunzi, mwenzake wa kile cha asubuhi.

"Unarudi mjini. Mpelekee mwanangu."

"Nitampelekea, mama. Togwa?"

"Togwa." Hakukiachia kibuyu, ingawa Anselm alikuwa ameshakishika. Walikuwa wamekishika wote wawili. "Pombe inamkataa tangu mdogo. Tone moja tu, anatapika hadi damu. Mwanaume asiyekunywa watu wanamcheka, unajua wenyewe walivyo. Basi tangu ameanza kukaa na wanaume ninamtilia togwa ndani ya kibuyu cha pombe. Ukitazama ni rangi moja. Hakuna anayejua. Hata mkewe hajui."

Anselm alikitazama kibuyu mikononi mwao.

"Siku ile nilimtilia mwenyewe," alisema Yustina. "Mara zote." Ndipo akakiachia. "Keti, afande. Lori litasubiri. Toa kalamu, na hilo nalo uliandike."